Makumbusho ya Neanderthal, Mettmann: nendeni mkamwone mwalimu

Nianze na jibu, maana najua wengi mnasoma mistari mitatu ya juu kisha mnauliza, "Sasa twende au tusiende?" Nendeni. Kama mnaishi Düsseldorf, Wuppertal, Essen au Köln, ni safari ya siku moja isiyochosha, na mtoto wa shule hachoki haraka. Ninachoomba ni kimoja tu: msiende kumtazama mtu wa kale peke yake, yaani Neanderthal, jamaa wa binadamu waliotoweka zamani. Pale kuna habari ya mwalimu wa sekondari aliyesimama mbele ya maprofesa na mifupa yake, akabezwa, akaendelea kufundisha, akafa kabla ya kupewa haki yake. Kwa maoni yangu yeye ndiye anayestahili nauli yenu.

Anaitwa Johann Carl Fuhlrott. Mimi nilishika chaki kabla sijaja huku kufanya kazi ya uuguzi, kwa hiyo upendeleo wangu kwa walimu siufichi. Nilikwenda na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 11, aliyezaliwa hukuhuku na ambaye Kijerumani chake kinakimbia kuliko changu. Ananiita mama mdogo, na kazi yake siku nzima ilikuwa kunisomea maandishi ya ukutani kabla sijamaliza kuvaa miwani.

Kwanza mtu mwenyewe, kwa sababu mkifika bila kumjua mtampita kama mnavyopita picha za waanzilishi kwenye korido ya ofisi. Fuhlrott alizaliwa tarehe 31 Desemba 1803 huko Leinefelde, eneo la Eichsfeld, katikati ya Ujerumani ya leo. Akiwa bado mtoto alifiwa na wazazi wote wawili, akalelewa na ndugu wa familia aliyekuwa padri. Alikwenda Bonn kusoma teolojia, akaiacha, akahamia hisabati na sayansi ya viumbe. Mwaka 1830 akapata ajira ya ualimu Elberfeld, mji wa viwanda vya nguo ambao leo ni sehemu ya Wuppertal. Hakuhama tena. Mkatoliki katikati ya Waprotestanti washika dini, kijana wa kuja katika mji wa wafanyabiashara, akafundisha hapo karibu nusu karne.

Mnamjua mwalimu wa aina hiyo. Kabati lake limejaa mawe yenye vibandiko, dirishani kwake kuna mimea inayokauka kati ya magazeti, na ukimletea mdudu ndani ya kiberiti anaacha kusahihisha madaftari ili akutazamie. Alianza na mimea, akaandika juu ya namna ya kuipanga katika koo zake. Baadaye akahamia kwenye miamba na mapango ya eneo lake. Mwaka 1846 alianzisha chama cha wapenda sayansi cha Elberfeld na Barmen, watu wa kawaida wenye kazi zao nyingine waliokutana kujadili walichookota. Chama hicho ndicho kilichombebea bahati yake. Laiti angekuwa mtaalamu wa kujifungia peke yake chumbani, nadhani mifupa ile ingeishia kwenye kifusi.

Maana hadithi yenyewe ni hii. Kati ya Düsseldorf na Wuppertal unapita mto mdogo unaoitwa Düssel. Sehemu moja ulikuwa umechonga korongo jembamba lenye kuta za mawe ya chokaa, mapango juu, maporomoko ya maji chini. Bonde likapewa jina la Neanderthal, yaani bonde la Neander, kutokana na Joachim Neander, mtunzi wa nyimbo za kanisa, aliyekuwa mkuu wa shule ya Kilatini ya Düsseldorf kuanzia 1674 hadi 1679 na aliyependa kwenda kutembea huko. Kwa hiyo hata jina la bonde ni la mwalimu! Nilimwonyesha mtoto jambo hilo kwa fahari nyingi, yeye akaniambia, "Mama mdogo, twende, kuna mamuti mbele."

Wachoraji wa Düsseldorf walikwenda pale na turubai zao. Halafu, katikati ya karne ya 19, wakaja watu wa machimbo. Chokaa ilikuwa inahitajika viwandani na kwenye ujenzi, na ukuta wa korongo ulikuwa chokaa tupu. Mwezi Agosti 1856 wachimbaji walikuwa wanasafisha pango dogo la Feldhofer kabla ya kulipua mwamba. Walikuwa wakichota udongo kwa sepetu na kuutupa nje, ukianguka kama mita 20 hivi hadi chini bondeni. Ndani ya udongo ule kulikuwa na mifupa. Nayo ikatupwa vilevile. Mmoja wa wenye machimbo, Wilhelm Beckershoff, akaiona, akadhani ni ya dubu wa pangoni, akaagiza iwekwe pembeni. Mwenzake katika machimbo, Friedrich Wilhelm Pieper, alikuwa anafahamiana na Fuhlrott kupitia kile chama. Wakamwita mwalimu aje kuchukua dubu wake.

Fuhlrott alipoitazama hakuona dubu. Aliona mtu, lakini mtu asiyefanana na yeyote aliyewahi kumwona: juu ya macho kuna tuta la mfupa kama ukingo wa kibaraza, paji la uso limelala kuelekea nyuma, mifupa ya mapaja minene na iliyopinda. Kuna mwongozo mmoja wa watalii niliousoma kabla ya kwenda ambao unasema Fuhlrott "aligundua" mifupa pangoni. Hapana. Waliochimba ni vibarua, aliyeokoa ni bosi wao. Alichofanya mwalimu ni kutambua, kisha akafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: akawauliza vibarua. Mifupa ililalaje? Udongo ulikuwa wa kina gani juu yake? Ilikuwa imechanganyika na kitu kingine? Pango lenyewe likalipuliwa likapotea, na kwa zaidi ya miaka mia moja maelezo yale ya wachimbaji, kama alivyoyaandika yeye, yakawa karibu ndiyo yote tuliyokuwa nayo kuhusu mahali mtu yule alipolala.

Sasa makumbusho. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1996, kazi ya msanifu Günter Zamp Kelp na wenzake Julius Krauss na Arno Brandlhuber. Kwa nje ni kama yai la kioo cha kijani kilichofifia, limekaa kando ya barabara bila kujivuna. Ndani hakuna ghorofa za kawaida za kupanda ngazi na kushuka. Kuna njia moja ya mwinamo inayozunguka taratibu kwenda juu, na historia ya binadamu imepangwa kandokando yake, kwa hiyo unapanda na wakati unapanda nawe. Kwa mtu mwenye magoti kama yangu baada ya zamu ya usiku, hii ni rehema. Maandishi ni ya Kijerumani na Kiingereza, na kuna vituo vya kusikiliza. Kusoma kila kitu haiwezekani na si lazima.

Mwanzoni kabisa ndipo penye habari ya bonde na ya ugunduzi. Kaeni hapo. Watu wengi, hasa wenye watoto, wanapakimbia kwa sababu juu wanaona sanamu. Makumbusho yenyewe yana habari ndefu ya kusimulia, mamilioni ya miaka, na Fuhlrott ni mlango tu wa hadithi hiyo, siwalaumu. Ila mlango huo una mambo. Tazameni michoro ya korongo la zamani, kisha mtoke nje baadaye mkatafute korongo hilo. Hamtaliona. Limeliwa lote, ukuta kwa ukuta, mpaka bonde likabaki kama meno yaliyong'olewa upande mmoja.

Pale ndipo mtoto aliposimama kwa mara ya kwanza bila kunivuta, mbele ya habari ya mabishano. Na mabishano yale ni matamu, acha niyaeleze.

Fuhlrott hakuwa mjinga. Alijua kuwa mwalimu wa mji wa nguo hawezi kuutangazia ulimwengu peke yake kwamba binadamu ni wa kale kuliko walivyofundishwa kanisani. Akamtafuta Hermann Schaaffhausen, mtaalamu wa anatomia wa Bonn, akampelekea mifupa. Mwaka 1857 wakaitangaza Bonn mbele ya wataalamu, Schaaffhausen akieleza maumbile, Fuhlrott akieleza pango na udongo. Ukumbi haukuwaka. Mwaka 1859 makala ya Fuhlrott ilipochapishwa kwenye jarida la chama cha sayansi cha huko, wahariri waliongeza maelezo chini kwamba wao hawakubaliani na maoni ya mwandishi. Hebu fikiria: unachapishiwa kazi yako, na chini yake mwenye jarida anasema tumemwachia aseme tu. Mwaka huohuo Darwin alitoa kitabu chake kuhusu mageuzi ya viumbe kule Uingereza, lakini Fuhlrott alikuwa ameshasema ya kwake.

August Mayer, profesa mwingine wa Bonn, alikuwa na maelezo yake: huyu ni askari wa farasi wa Kirusi, Mkosaki, aliyekuja na majeshi ya kumfukuza Napoleon mwaka 1814, akaugua, akajikokota pangoni akafa. Miguu imepinda kwa sababu ya matege na kupanda farasi. Mtoto wa dada yangu alisoma hilo, akanyamaza, akauliza: "Na nguo zake ziko wapi? Na bunduki?" Nilicheka hadi mzee mmoja akageuka. Thomas Huxley, bingwa wa anatomia wa London, aliwakejeli wasomi wale kwa hoja ya namna hiyohiyo: mtu mahututi alipandaje ukuta wa mwamba, akavua kila kitu, kisha akajizika mwenyewe chini ya udongo?

Aliyeumiza zaidi ni Rudolf Virchow. Huyu sisi wauguzi tunamjua. Kila asubuhi nikiwavalisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji soksi za kubana miguu ili damu isigande, ninatumia mambo ambayo Virchow aliyaanzisha. Alikuwa daktari mkubwa kuliko wote Ujerumani ya wakati ule, na neno lake lilikuwa hukumu. Mwaka 1872 alisema mifupa ile ni ya mtu wa kawaida aliyekuwa mgonjwa: matege utotoni, baridi yabisi uzeeni, na majeraha. Basi. Baada ya Virchow kusema, nani Ujerumani angemsikiliza mwalimu wa Elberfeld?

Lakini, na hapa nazungumza kama muuguzi, Virchow hakukosea kila kitu. Itazameni nakala ya mkono wa kushoto. Mfupa wa chini ya kiwiko ulivunjika wakati fulani ukaunga vibaya. Kiwiko kile hakikukunjuka sawasawa tena. Mfupa wa juu wa mkono huohuo ni mwembamba kuliko wa kulia, kwa sababu mkono usiofanya kazi hunyauka na mfupa wake. Naona jambo hilo kwa wagonjwa wa kiharusi kila wiki. Maana yake mtu huyu aliishi muda mrefu baada ya kuvunjika, akitegemea mkono mmoja, katika nyakati ambazo chakula kilikuwa na pembe na kilikimbia. Sijui kama kuna mtu alimsaidia kukata nyama. Nilisimama pale kuliko mahali pengine popote, na ninawashauri msimame pia. Virchow aliona jeraha, akadhani jeraha ndilo linaloeleza kila kitu, hata lile tuta juu ya macho.

Waliosikiliza walikuwa nje. Charles Lyell, baba wa jiolojia ya Uingereza, alikuja mwaka 1860, Fuhlrott akampeleka mwenyewe kwenye kilichobaki cha pango na kumpa nakala ya plasta ya fuvu. Nakala ile ndiyo iliyomfikia Huxley. William King, aliyefundisha jiolojia Galway kule Ireland, ndiye aliyetoa jina la kisayansi la Homo neanderthalensis, lililochapishwa mwaka 1864. Kwa hiyo mwalimu wa Elberfeld akawa na wanafunzi London na Galway kabla ya kuwa nao Berlin. Yeye aliendelea: mwaka 1865 akatoa kijitabu kuhusu mtu yule wa kale, na mwaka 1869 kitabu juu ya mapango ya Rheinland na Westfalen. Akafariki Elberfeld tarehe 17 Oktoba 1877. Miaka tisa baadaye, 1886, huko Spy nchini Ubelgiji wakafukua mifupa ya watu wawili wenye mafuvu ya namna ileile, pamoja na zana za mawe na wanyama wa zama zile. Wagonjwa wa matege wa sura moja katika nchi mbili? Hoja ya ugonjwa ikaanza kuchechemea.

Huko juu kwenye mzunguko ndiko kuna sanamu zinazopigwa picha na kila mtu. Nyingi ni za mapacha wa Kiholanzi, Adrie na Alfons Kennis, na lazima nikiri ni kazi ya kutisha kwa uzuri. Hawatengenezi nyani wa kwenye katuni. Ngozi ina makunyanzi, kucha zina uchafu, na uso unakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyekuja bila kubisha hodi. Kuna mmoja amevalishwa suti ya ofisini, amesimama tu. Wanamwita Bwana Asilimia Nne, kwa sababu mwaka 2010, jenomu ya Neanderthal, yaani orodha nzima ya urithi wake wa DNA, ilipochapishwa kwa mara ya kwanza, ilikadiriwa kwamba watu wa nje ya Afrika wana kati ya asilimia 1 na 4 ya urithi wake. Siku hizi wanasema kama 2 hivi.

"Na sisi tunazo?" mtoto akaniuliza.

Tunazo, kidogo sana. Hadi karibuni ilidhaniwa Waafrika hatuna kabisa, mpaka utafiti wa mwaka 2020 ukaonyesha chembe chache zipo, kwa sababu kuna watu wa kale waliotoka Afrika, wakakutana na hawa jamaa, na baadhi ya uzao wao wakarudi. Nilimweleza hivi: kuna ndugu walikwenda mbali, wakaoa huko, wengine wakarudi na watoto. Akaitazama ile suti kwa muda. "Kwa hiyo ni shemeji." Sawa, ni shemeji.

Kuna jambo moja ambalo lazima mlijue kabla, maana niliwasikia watu wakilalamika nje: mifupa yenyewe haiko Mettmann. Mnayoyaona pale ni nakala. Baada ya Fuhlrott kufariki, mwaka huohuo wa 1877, mifupa ilinunuliwa na jumba la makumbusho la Bonn, na iko huko mpaka leo, LVR-LandesMuseum Bonn. Mimi binafsi sikuona hasara. Nakala ni nzuri, unaweza kuisogelea, na mifupa halisi ilibaki salama kwa kazi kubwa zaidi: mwaka 1997 kipande kidogo kilichokatwa kwenye mfupa wa mkono wake wa kulia ndicho kilichowawezesha wanasayansi wa kundi la Svante Pääbo kusoma DNA ya Neanderthal kwa mara ya kwanza. Pääbo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Mfupa uliotupwa kwa sepetu, akauokota bosi wa machimbo, akautetea mwalimu! Ila kama kwenu nakala ni kudanganywa, nendeni Bonn, na mwulize kwanza kama mifupa imewekwa wazi kwa watazamaji siku hiyo.

Msiondoke bila kwenda mahali palipokuwa pango. Ni mita 400 hivi kutoka jengo kuu, njia ni ya kutembea kando ya mto. Wenye haraka hawafiki, na hapo wanakosea. Eneo hilo lilisahaulika kabisa kwa zaidi ya miaka 100, hakuna aliyejua tena pango lilikuwa wapi hasa. Mwaka 1997 wanaakiolojia wawili, Ralf Schmitz na Jürgen Thissen, walilitafuta kwa kupekua nyaraka na michoro ya zamani, wakachimba, wakakuta ule udongo uliotupwa mwaka 1856, bado upo chini ya kifusi cha machimbo. Ndani yake kulikuwa na zana za mawe na vipande vingine vya mifupa. Mwaka 1999 kimoja kikajaribiwa kwenye paja la kushoto kule Bonn. Kikaingia barabara. Walikuta hata mifupa ya mtu wa pili. Nikiwa nimekwishajua Fuhlrott aliwauliza wachimbaji udongo ulikuwaje, habari ya udongo uleule kupatikana ilinigusa kuliko sanamu zote za juu.

Leo pale kuna bustani tulivu, na tangu mwishoni mwa 2022 kuna mnara wa chuma unaoitwa Höhlenblick. Unapanda hadi kwenye kimo cha pango lililopotea, unasimama hewani mahali ambapo zamani kulikuwa na mwamba. Ukitazama chini unaelewa kwa mwili, si kwa kusoma, ni mawe kiasi gani yameondolewa. Mtoto alikimbia kwenda juu. Mimi nilishika kingo kwa mikono yote miwili na sikuona aibu. Mkiwa mnarudi, angalieni mwamba unaoitwa Rabenstein, uliosalimika na machimbo. Una kibao cha kumbukumbu cha Fuhlrott. Ni kidogo, wapita njia wengi hawakioni, na mwendesha baiskeli mmoja aliniuliza napiga picha ya nini.

Kwa upande wa kumbukumbu, Wuppertal inanishangaza kidogo. Kuna shule ya sekondari yenye jina lake, Carl-Fuhlrott-Gymnasium, na hilo ni jambo zuri. Mwalimu aenziwe shuleni. Lakini jumba la makumbusho ya viumbe lililoitwa kwa jina lake mjini humo lilifungwa miaka ya 2000. Mji wenye treni inayoning'inia juu ya mto tangu 1901, ambayo watalii wanaijaza kila siku, haukupata nafasi ya kabati la mwalimu wake. Mkitoka upande wa Wuppertal kwenda bondeni, panda hiyo Schwebebahn kwanza mpite Elberfeld mtazame mtaa. Ni mzunguko mdogo, na mtaujua mji aliofundisha.

Usafiri ni rahisi. Treni ya S28 inapita Düsseldorf na Wuppertal, na kituo kinaitwa Neanderthal, kilichoandikwa bado kwa tahajia ya kizamani yenye h. Mwenye Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya usafiri wa Ujerumani nzima, halipi zaidi. Kutoka kituoni ni matembezi mafupi ya kushuka, na wakati wa kurudi kilima kinawangoja, kwa hiyo acheni nguvu. Viatu vya maana, tafadhali. Niliona dada mmoja na viatu vya visigino kwenye njia ya mto baada ya mvua na nikamwombea.

Ndani kuna mkahawa na duka. Duka lina vitabu vingi na vinyago vya mamuti ambavyo mtoto atavitaka. Mwekeeni kikomo mapema. Tuliokuwa nasi ni mkate na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani, tukala nje kwenye benchi. Kuna pia karakana ya zama za mawe ambako watoto hufundishwa kazi kama kutengeneza zana, lakini hiyo ni ya kupangiwa siku, msifike mkidhani mlango uko wazi. Na kuna eneo la wanyama linalotembelewa bure, lenye nyati wa Ulaya, ng'ombe waliozalishwa kufanana na mababu zao wa porini, na farasi wafupi wa rangi ya majivu. Mtoto alitarajia kifaru mwenye manyoya. Nimemwambia kifaru huyo amechelewa.

Kwa wenye watoto wa chini ya miaka sita nina wasiwasi kidogo. Sanamu ziko macho kwa macho nao, baadhi ya vyumba vina giza, na mtoto mmoja mbele yetu alilia kwa dhati alipokutana na uso wa bibi wa zamani. Miaka minane kwenda juu ndiyo umri wenyewe, hasa wale wanaouliza "umejuaje?" kila unapomaliza sentensi. Walimu wenzangu wa zamani mlioko huku, pelekeni madarasa, lakini msiwape karatasi ya kujaza. Wapeni swali moja la Mkosaki wa Mayer muone watakavyolibomoa wenyewe.

Nyota: jengo na maonyesho, nne na nusu kati ya tano. Mahali pa pango na mnara, tano. Bei za tiketi hubadilika na kuna za familia, angalieni kabla ya kutoka. Tengeni saa tatu za ndani na mbili za bondeni. Jumapili maduka ya mjini yamefungwa kama kawaida ya Ujerumani, kwa hiyo bebeni chakula. Na Jumatatu msijisumbue, makumbusho yenyewe hufungwa.